Jina la Kwenye Pasipoti

"Mfanyabiashara wa manyoya hakumwonea mtu. Alioa kwao, akala chao, akavaa kama wao, na kila upande ukapata ulichokitaka."

Rehema mwanangu, maneno hayo unayakumbuka. Ulikuwa umekaa safu ya tatu pale ukumbi wa maktaba, Lewisham, siku ile yule bwana wa tai ya kijani aliposimama kuyasema, taratibu, kama daktari anayemtuliza mgonjwa. Unakumbuka pia nilivyomjibu. Nilimuuliza: katika huo upande wa pili uliopata ulichokitaka, nani aliulizwa? Nikamtaka anitajie jina la huyo mke aliyeolewa. Akafungua karatasi zake, akazifunga. Nikamwambia kwamba huyo anayemsifu aliandika daftari zima la majira manne ya baridi kwenye nyika za Kanada, akawataja mbwa wake sita wa kuvuta sleji kila mmoja kwa jina lake, yule wa mbele, yule mvivu, na yule aliyezama chini ya barafu akamlilia ukurasa mzima. Lakini mwanamke aliyemshonea viatu, aliyemtwangia nyama kavu kwa mafuta na matunda ya porini ili asife njaa, aliyemsemea kwa watu wake alipokuwa hajui hata neno moja, huyo anaitwa "mwanamke wangu" tangu mwanzo hadi mwisho.

Watu walipiga makofi. Wewe hukupiga.

Kwenye basi nilikuuliza kama umechoka. Ukanijibu, kwa hicho Kiingereza chako cha upole, kwamba kila nililosema lilikuwa sawa, ila umenisikia nikimtaja yule mwanamke mara nyingi mno, kama mtu anayechomoa kisu. Nilikasirika. Niligeukia dirisha hadi tukafika nyumbani. Leo nakwambia ulisema kweli, na hukujua hata nusu yake.

Sasa ni alasiri. Wewe na baba yako mmevuka jiji zima kwenda Kenton kununua sanduku, ingawa masanduku yamejaa hapa chini sokoni, kwa sababu yule Mhindi wa Kisumu mwenye duka huko humwita baba yako "mjomba", na baba yako akishaitwa mjomba hawezi tena kununua pengine. Mtarudi magharibi. Kesho unaruka. Koti, soksi, dawa ya kifua, namna ya kutembea juu ya barafu: hayo baba yako amekuhubiria wiki nzima, naye hajawahi kukanyaga Kanada. Mimi nitayaruka.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Nilikulea uisikie lugha hii na kuijibu kwa nyingine, na nilipoona hivyo nilijifanya sioni, maana nilikuwa na makala za kuandika juu ya watu wanaopokonywa lugha zao. Soma polepole. Neno likikushinda, mwulize baba yako. Mengine humu yanamhusu, na ndiyo maana mkono wangu ni mzito.

Nianze na ile simu ya video ya wiki tatu zilizopita. Ulikuwa mezani na kompyuta yako, ukizungumza na Bi Lorna, huyo mama wa Kikrii, kabila la wenyeji wa asili wa Kanada, atakayekuwa mkubwa wako kazini, anayetunza nyaraka za watu wake huko nyikani. Mimi nilikuwa nasukuma chapati. Baba yako alikuwa anaosha sufuria. Nilisikia mmeanza na mambo ya kazi, karatasi zilizoingia ukungu, nakala ya lile daftari la mfanyabiashara wangu ambalo mtalisoma pamoja. Kisha Bi Lorna akasema, "Huyo bwana alilala kwetu, alikula kwetu, kwa hivyo daftari lake ni kama shemeji yangu mlevi. Sina budi kumkaribisha. Sasa wewe, wa kwenu ni akina nani?"

Ukasema wewe ni wa London.

Akacheka. "London ni mahali. Mimi nimekuuliza watu."

Ukasema mama ni wa Mombasa, baba ni Mgiriama wa nyuma ya Kilifi, na nyanya yako mzaa baba yuko huko hadi leo, mnamwita Hawe.

"Hawe ndilo jina lake?"

"Hapana. Ni kama kusema nyanya."

"Na jina lake?"

Ukageuka. Uliziba kipaza sauti kwa kiganja na kuniuliza kwa Kiswahili, mara ya kwanza kwa miezi mingi, "Mama, Hawe anaitwa nani?"

Nikakujibu upesi, kama mwanafunzi anayejua, "Agnes."

Baba yako akaiacha sufuria izame. "Hilo ni la kwenye pasipoti," akasema.

"Lake ni lipi basi?"

"Mke wangu, umekaa na mama yangu nyumba moja miezi saba. Waniuliza mimi?"

Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali ningejua la kumjibu. Mabishano ndiyo kazi yangu. Ulimwambia Bi Lorna kwamba utatafuta, naye akasema, "Lete jibu ukija. Sisi tunaanzia hapo." Chapati yangu ikaungua.

Najua utetezi wangu, nimeshauandika kichwani mara kumi. Kwetu mkaza mwana hamtaji mavyaa wake kwa jina, ni heshima. Utetezi mzuri, ungemtosha bwana wa tai ya kijani. Lakini kutolitamka jina ni heshima. Kutolijua ni kitu kingine kabisa, na nilikuwa nimekificha cha pili nyuma ya cha kwanza kwa miaka ishirini na minne.

Nyumba niliyozaliwa Mombasa, mlango wake ulikuwa wa nakshi na kizingiti kirefu, nasi tulipenda sana kizingiti kile. Watu wa nyuma ya pwani, wa kwao baba yako, walikuja asubuhi na nazi, kuni na mihogo. Hawakukivuka. Walituita "adzomba", yaani wajomba, maana kwao Mswahili wa mjini ni mjomba, ndugu wa upande wa mama, mtu wa kutegemewa. Marehemu baba yangu aliwaita shemeji. "Shemeji, hizi nazi si zimekauka? Shemeji, nipunguzie." Biashara ikiisha na mlango ukifungwa, alisema, "Mnyika yule leo ana kichwa kigumu." Mnyika, mtu wa nyika, mtu wa porini. Mdomo mmoja, mlango mmoja, maneno mawili. Nilikua nikiyasikia yote mawili kila siku, na kamwe hayakugongana masikioni mwangu.

Halafu nikampenda baba yako, Karisa. Ilibidi awe Idrisa mbele ya shekhe, akalipokea jina hilo kama mtu anavyopokea shati la kuazima. Alilivaa siku ile, akalirudisha. Watu wangu wanamwita Idrisa hadi leo. Nilijiona jasiri sana. Nilidhani kwa kuolewa na mtu wa nyika nimeshavuka kizingiti, na kwamba aliyevuka mara moja havuki tena. Tukaja huku. Nikasoma kila nilichokishika. Nikajifunza kuwakasirikia watu waliokufa, kazi isiyochosha, kwa kuwa hawajibu. Ndipo kwenye kabati la nyumba moja ya watu binafsi, nilikoajiriwa kupanga vitabu, nikalikuta daftari la mfanyabiashara wa manyoya, ambaye wewe ulipokuwa mdogo ulimwita Mzee Manyoya na kuuliza kama atakuja kula.

Mwaka niliolikuta ndio mwaka uliozaliwa. Hawe alipanda ndege mara ya kwanza maishani mwake akaja kunikalia uzazi. Nilikuwa mgonjwa, wewe ulilia, baba yako alikuwa zamu hospitali. Hawe akaishika nyumba. Alinikanda kwa maji moto, alinipikia uji wa pilipili manga, alikulaza kifuani mwake ukanyamaza. Mchana alishuka kwa Mama Furaha, jirani yetu wa chini, Mkongo wa Bukavu aliyekuwa bado mgeni kama sisi. Kiswahili cha mmoja kilikuwa kichekesho kwa mwenziwe. Niliwasikia wakicheka kwenye ngazi na nikashukuru, maana nilipata nafasi ya kuandika.

Siku moja Hawe alikuwa anakuogesha kwenye beseni sebuleni, karibu na hita, nami niko mezani nafasiri kurasa za daftari kwa ajili ya makala ya gazeti la nyumbani. Nilikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti. Nikasoma, "Leo washenzi wameniletea nyama ya nyati, mizigo miwili, wala hawakutaka kitu." Nikapiga meza.

"Wamsikia? Watu wamlisha, naye awaita washenzi! Ndio Wazungu hao!"

Hawe hakuinua kichwa. Alikuwa anakumwagia maji mgongoni kwa kiganja. "Kwani huyo mzungu aandika Kiswahili?"

"La, Kiingereza. Mimi ndiye nafasiri."

"Basi hilo neno si lake. Hilo lenu." Akakugeuza, akakupangusa shingo. "Mimi hilo nililisikia Mombasa kabla sijamwona mzungu hata mmoja. Wajomba ndio mwalijua kulisema. Mzungu wa watu umempa neno lenu zuri, na asante hatakwambia."

Akacheka. Nikacheka naye. Nilidhani ni mzaha, na ulikuwa mzaha, ule wa mtu anayekufungulia mlango kidogo aone kama utaingia. Sikuingia. Makala ikachapwa na neno lile lile, wasomaji wakanisifu kwa ukali wa kalamu.

Yanayofuata sijapata kumwambia mtu.

Binamu yangu na rafiki yake walikuwa wamefika London wakaja kukuona. Walikaa pale kochini, wananukia udi, wamevaa mabuibui mapya. Hawe akaingia na sinia la chai, miguu mitupu, leso kiunoni, wewe mgongoni. Binamu yangu akanitazama, akamtazama yeye, akaniuliza kwa macho na kidevu, "Na huyu?"

Nikasema, "Huyu anisaidia na mtoto."

Angalia sentensi hiyo, Rehema. Hakuna neno hata moja la uwongo ndani yake. Hivyo ndivyo waliosoma wanavyodanganya.

"Mashallah," akasema binamu yangu, "una bahati. London hii kupata mtu wa kazi wa kwetu!"

Nilikuwa na muda wa kusahihisha. Ilikuwa ni kutamka tu "mavyaa wangu". Nilimtazama Hawe akiliweka sinia chini, nikanyamaza. Yeye akanyoosha mgongo, akauliza kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, "Sukari vijiko vingapi, adzomba?"

Wajomba. Ndugu za mama. Aliwaambia wao, na alinitazama mimi.

Wiki mbili baadaye alimwambia baba yako anataka kurudi, shamba limeota magugu. Mimi nikamwambia baba yako ni baridi, mama hawezi baridi ya huku. Ulipokua ukaniuliza kwa nini Hawe haji tena, nikakwambia ni baridi. Kila mwaka neno hilo limenifanyia kazi, na sikuwahi kulipa hata siku moja ya mapumziko.

Nikurudishe sasa kwa Mzee Manyoya, maana kuna ukurasa ambao sijausoma hadharani, wala kumwonyesha bwana wa tai ya kijani.

Unajua alivyoingia. Alifika na bunduki, blanketi na vioo, akataka manyoya. Wakrii hawakuwa wakifanya biashara na mtu tu. Kwanza walikaa chini, wakavuta kiko pamoja, wakapeana zawadi, wakatafuta undugu, na kama undugu haukuwepo waliutengeneza. Mzee mmoja akamwoza binti yake. Siku ile mfanyabiashara aliandika mstari mmoja, kwamba amepata mke na manyoya yatafuata. Kwake ilikuwa njia ya kufungulia ghala. Kwa mzee ilikuwa ndoa. Tangu hapo alikuwa na mkwe, na mkwe halali njaa. Basi kila baridi ilipokaza, mzee alitembea siku tatu kwenye theluji kumletea nyama. Hiyo ndiyo nyama niliyoisoma kwa sauti.

Majira ya nne yalipokwisha, mfanyabiashara alirudi London. Ilikuwa desturi yao. Walimwachia mwenzao mke kama wanavyomwachia jiko, wakaondoka. Kurasa zinazofuata zimeandikwa na mkono mwingine, wa huyo aliyepokea kituo cha biashara. Katikati ya hesabu ya mbwa na hali ya hewa ameandika hivi: "Yule mzee amekuja na nyama ya mkwe wake. Nimemwambia hayupo. Ameiacha nyama."

Ndivyo inavyoishia. Baadaye kidogo kuna karatasi ya padri, imebandikwa nyuma, inayosema mwanamke wa kituo amebatizwa Mary. Ndilo jina pekee alilonalo hadi leo kwenye karatasi za kina sisi.

Nimekuwa nikisema sichukii ila dhuluma, na si kweli, nimewachukia watu wengi kwa raha zangu. Lakini mtu huyu nimeshindwa kumchukia. Nimeona alivyoandika usiku wa kwanza peke yake kwenye kibanda, hajui neno lolote, anawasikia watu wakicheka nje asijue kama wanamcheka yeye. Nami nimekaa hivyo, kituo cha basi cha Lewisham, mwaka wa kwanza. Mtu mpweke akilishwa anaweza kuwa ndugu, au anaweza kuhesabu kuwa ndivyo anavyostahili kulishwa. Yeye alichagua la pili, hata asijue kama kachagua. Na hapa, mwanangu, namkubalia bwana wa tai ya kijani jambo moja, na usimwambie. Undugu ule ulikuwa wa kweli. Miaka yote nimebishana naye kwamba ulikuwa hila. Haukuwa hila upande ule wa mzee. Kama ungekuwa hila pande zote mbili, pasingekuwa na kosa, ni wajanja wawili tu wamekutana. Kosa ni kwamba upande mmoja ulisema kweli.

Juzi nilifungua kabati la jikoni nikalitoa lile kopo la korosho. Unalijua, umekula humo tangu una meno. Kila mwaka akipatikana msafiri kutoka Kilifi, korosho zinakuja, zimekaangwa kwa chumvi, zimefungwa kwa kitambaa kilichoshonwa kwa uzi mweusi. Nimezipokea mara ishirini na kitu. Nimewakaribisha wageni kwa korosho hizo, nikasema ni za shambani kwetu. Sijapiga simu hata mara moja kusema zimefika. Karisa ndiye hupiga.

Nikashuka na kopo kwa Mama Furaha. Nilitaka aniambie kwamba ni zamani sana. Alikula korosho mbili tatu, akanisikiliza, kisha akasema, "Weye Mama Rehema, uko unajua kusema juu ya bazungu mupaka redio inaogopa. Ule mama hakukimbiaka baridi. Alikuwa anashuka hapa, anakaa pa kiti hii, anauliza mie, 'Kwenu mutu akizaa, mama ya bwana yake ni mutumishi?' Mie niseme nini? Nilimupatia chai."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniulizaka."

Basi nikampigia Hawe. Nilisimama hapo dirishani, mtandao unakatika, nasikia kuku na mtoto analia mbali.

"Hawe, ni mimi. Mama Rehema."

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Mbona wapiga wewe basi?"

Nilimwambia yote. Binamu, sinia, sentensi yangu, baridi. Nilidhani simu imekatika, kumbe alikuwa anafukuza kuku.

"Nilikuwa najua," akasema. "Nilidhani wewe ndiye hujui. Nikasema, siku akijua ataniambia. Umechelewa kidogo."

"Nisamehe, mavyaa."

"Nilikusamehe mwaka ule ule. Ilikuwa msimu wa kulima, sikuwa na nafasi ya kuweka kitu moyoni." Akakohoa. "Karisa hajui. Sikumwambia. Ningemwambia angelazimika kuchagua, na mtoto mchanga yuko hapo katikati."

Nikamuuliza jina lake. Lile la kwao, alilopewa kabla ya Agnes. Akacheka, kicheko kile kile cha beseni.

"Wewe walitaka kwa ajili ya mtoto, au kwa ajili ya gazeti?"

Sikuweza kumjibu, Rehema. Mimi. Nilifungua mdomo nikaufunga, kama bwana wa tai ya kijani na karatasi zake.

"Mtoto aniulize mwenyewe," akasema. "Kwa mdomo wake. Kiswahili chake kibovu si neno, hata changu ninyi mlikicheka. Nawe kwanza mwandikie hayo uliyoniambia, wewe si mwandishi? Asije akaniuliza jina na huku hajui kwa nini hakulijua."

Ndiyo maana ya barua hii. Sikuandika kwa sababu nimekuwa mwema. Nimeamrishwa.

Naogopa. Naogopa utaisoma ndege ikiwa angani na utashuka huko ukiwa huna mama unayemjua. Naogopa zaidi kwamba utanielewa haraka mno, kwa huruma yako, ukaniwekea mto chini ya kichwa kabla sijaumia. Uliniwekea mto wa namna hiyo kwenye basi, nikageukia dirisha. Sasa nautamani, na sistahili.

Huko unakokwenda watakulisha. Nina hakika, kwa namna Bi Lorna alivyokuuliza watu kabla ya cheti. Huenda wakakuita mpwa au mjukuu. Baba yako akiitwa mjomba Kenton ananunua sanduku na mambo yameisha, hakuna aliyeumia. Huko, mtu akikuita mpwa, usitabasamu tu na kuendelea na kazi. Muulize afanyeje mpwa wa kwao. Kisha ulifanye, hata kama ni kuosha vyombo. Na lile daftari mtakapolifungua, msilifungue na hasira zangu. Nilizozipakia kwako tangu utotoni, ziache hapa, nitazila mwenyewe. Pale palipoandikwa "mwanamke wangu" waulize wenyewe waandikeje. Pengine wanalo jina na hawajaulizwa. Pengine wanalo na hawataki kulitoa kwa ajili ya gazeti. Iwe hivyo, acheni nafasi tupu, pana ya kutosha jina zima, na msijaze Mary kwa kuwa tu Mary yupo.

Nami nimeacha nafasi hapa. Nyanya yako mzaa baba ni

. . . . . . . . . . . . . . . .

Nasikia ufunguo mlangoni, na baba yako anacheka, kwa hivyo sanduku limepatikana. Nitakupa barua hii mkononi sasa hivi, kabla ya chakula, sitaingoja ndege.

Karisa, najua ataleta maneno magumu kwako. Mfasirie yote, pamoja na sentensi yangu ya siku ya chai, neno kwa neno, usiipunguze makali. Kisha niulize utakacho. Nitakaa hapa mezani, sitabishana.

Na wewe Rehema, usilale leo wala usifunge sanduku hilo kabla hujampigia Hawe. Muulize jina lake. Likisha kukaa mdomoni mwako, njoo uliandike hapo juu kwa mkono wako, uende nalo kwa Bi Lorna. Akikuuliza mama yako alikuwa wapi siku hizo zote, mwambie ulivyosoma humu.

Usinitetee.